Kambi ya mahema Ruaha: mama yangu kalala na tembo ubavuni bila askari, tunajibiwa "nyie si wenyeji, mmezoea"

Wakuu, hili jambo nimekaa nalo wiki ya tatu sasa, na kila nikilikumbuka moyo unawaka upya. Naliandika lote, mwenye kusoma asome.

Naishi Mafinga. Wazazi wangu wamezaliwa Mufindi na wamezeekea huko huko, Hifadhi ya Ruaha wameisikia redioni tu. Mama huwa anasema jina lenyewe ni la kwetu, luvaha, yaani mto kwa Kihehe, ila mto wenyewe hajawahi kuuona. Mwaka huu nikajibana, hela ya mbao nikaitenga, nikawalipia kulala siku mbili kwenye kambi ya mahema. Laki tisa na elfu hamsini, watu watatu, gari na mzunguko wa hifadhini humo humo. Nililipa yote kwa simu kabla hatujatoka nyumbani. Ujumbe wa muamala ninao.

Tangazo lao liliandika "ndani ya Ruaha". Tumetoka Iringa mjini, tumepita Kalenga, tumepita Idodi, vumbi mpaka kwenye meno, na kabla hatujaona hata kibao cha geti gari likakata kona: karibuni, tumefika. Kambi ipo ardhi ya vijiji huko Tungamalenga! Kwa asiyejua, hilo si jambo dogo. Kibali cha kuingia hifadhini ni cha saa 24, na unaingia mara moja tu. Ukilala nje, siku yako yote inategemea umeamka saa ngapi na dereva kafika saa ngapi.

Dereva alifika saa 4 na nusu. Tulikuwa tumevaa toka saa 11 alfajiri, baba kakaa kwenye kigoda na koti lake, anauliza kila baada ya dakika tano. Kumbe gari lilikuwa limepeleka wageni wengine kwanza. Tumeingia getini jua limeshapanda, tena Septemba, wanyama wote wameshajificha kivulini. Hatukuona simba. Hatukuona tandala hata mmoja, na Ruaha wapo wa aina zote mbili, mkubwa na mdogo, ndiyo baba alikuwa anamsimulia mama njia nzima.

Mtoni tuliwakuta tembo wanachimba mchanga kutafuta maji. Mama akanishika mkono, akaniuliza, "Mwanangu, mto uko wapi?" Ikabidi nimweleze mimi, kwamba kiangazi Ruaha Mkuu unakauka hivi tangu mwaka 1993, maji yanachukuliwa huko juu bonde la Usangu. Dereva yuko kwenye simu yake.

Haya yote ningeyameza. Ninachoshindwa kumeza ni ule usiku wa kwanza, kabla ya mzunguko huo.

Hema letu lilikuwa la mwisho kabisa, mbali na bwalo, zipu ya mlango imekatika inafungwa kwa kamba. Hakuna aliyetupa filimbi, hakuna redio ya kuita, mtandao wa simu hakuna. Na hakuna mtu hata mmoja aliyetuambia kwamba matunda hayalazwi ndani ya hema. Mama alikuja na kikapu cha maparachichi na ndizi kutoka nyumbani, kakiweka chini ya kitanda kama anavyofanya siku zote. Mgeni angejuaje? Kazi ya kambi ni kusema hilo unapoweka begi chini, kabla hata ya kukaribishwa chai.

Saa 8 usiku nikasikia matawi yanavunjika. Halafu pumzi. Wakuu, tembo akipumua karibu yako unaisikia kifuani mwako mwenyewe. Turubai likaingia ndani upande wa mama, likarudi, likaingia tena. Kamba moja ya hema ikang'oka. Baba alimziba mama mdomo kwa kiganja, na mama ana presha. Tumekaa hivyo sakafuni, watu watatu, mpaka karibu saa 10 ndipo akaondoka. Sikuthubutu hata kuwasha tochi.

Asubuhi naenda bwaloni kuuliza askari wa usiku alikuwa wapi. Nikaambiwa alikuwepo, ila alipangwa upande wa yale mahema manne ya wageni wa kizungu. Nikamuuliza msimamizi, na sisi? Akanijibu mbele ya mama yangu: "Nyie si wenyeji wa huku, mmezoea."

Tumezoea nini? Tembo hamtambui Mhehe kwa harufu. Wenzetu wa Idodi na Pawaga wanaokesha mashambani kulinda mahindi hawajazoea, wanaogopa kila siku, na wana haki ya kuogopa. Mama yangu ana miaka 71, kalimia viazi maisha yake yote, tembo wa kwanza kumwona kwa macho alimwona mchana wa siku hiyo, kule mtoni.

Najua wapo watakaosema bei ya wazawa ni ya chini, nilitegemea nini. Bei niliyolipa waliitaja wao. Kama kwa bei hiyo hakuna askari, waseme kabla sijatuma hela, nibaki na wazazi wangu Mafinga.

Tuliondoka siku hiyo hiyo, usiku wa pili hatukulala pale. Nimeomba warudishe hela ya usiku huo tu, wala si yote. Ujumbe wa kwanza walijibu malipo hayarudishwi. Wa pili wameusoma wakanyamaza. Wa tatu haufiki tena, nadhani namba yangu wameifungia. Jina la kambi sitaliandika hapa, nataka nilipeleke kwa maandishi panapohusika, pamoja na picha za zipu na ile kamba iliyong'oka.

Kwa hiyo naomba mwenye kujua: malalamiko dhidi ya mwenye TALA, yaani leseni ya biashara ya utalii, yanapokelewa ofisi gani kwa sisi wa mkoa wa Iringa, au mpaka Dodoma wizarani? Na kama kuna aliyelala kambi za upande ule akawekwa mbali na askari kama sisi, aje PM tuandike barua moja.