Eti "huduma ipo, tatizo nyinyi mnakaa mbali"! Huyu mtu anatuonaje?

Wakuu, nimetoka sasa hivi kwenye kikao cha huduma za afya, mikono bado inatetemeka. Yule bwana mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule yule anayefungua kila kikao kwa kukohoa nusu saa.

Mama mmoja kasimama, mwanawe ana mtindio wa ubongo. Kauliza kwa adabu lini tiba ya viungo itasogezwa huku, maana mtoto hurudi kliniki amechoka kuliko alivyokwenda. Bwana yule, macho kwenye simu: "Huduma ipo. Tatizo nyinyi mnakaa mbali."

MNAKAA MBALI! Yaani sisi ndio tuliobeba nyumba usiku tukaikimbia hospitali!

Mdogo wangu ana skizofrenia, ule ugonjwa wa akili wa kusikia sauti zisizokuwepo, anachoma sindano kila mwezi. Tarehe ikipita, sauti zinarudi, na zikisharudi hapandi tena gari la kwenda kuchomwa. Muuguzi wa zahanati ya jirani anachoma watu sindano kutwa, lakini hii hapewi, mpaka hospitali kuu. Na Shirika la Afya Duniani tangu 2008 lina mpango wa kuwafundisha wahudumu wasio mabingwa kutibu magonjwa ya akili huko huko chini! Halafu mtu anakwambia mnakaa mbali. Simu hata hakuiweka mezani!

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, 2006, ibara ya 25: huduma za afya ziwe karibu kadiri inavyowezekana na jamii wanamoishi watu, vijijini pia. Basi sisi ndio tuhamie getini kwao?

Jicho Kali: Mleta mada, na wewe ulimjibu nini? Au ulinyamaza ukaja kutupigia kelele sisi?

Mleta mada: Nilinyoosha mkono, akafunga kikao. Mnakaa mbali, kisha anafunga kikao!

Nyuki: Huyo huyo alituambia sisi "njooni mapema". Watu wanalala getini, mapema ipi tena?

Msoma Vumbi: Jambo hili linajulikana tangu karne ya 19. Daktari Edward Jarvis wa Massachusetts alihesabu waliopelekwa hospitali za akili, akakuta wa jirani ni wengi kuliko wa mbali. Wa mbali waliugua vile vile, hawakufika tu.

Jicho Kali: Jarvis anahusikaje na kukohoa? Fupisheni.

Kimya Kingi: Nyie mkifika angalau mnasikia mnachoambiwa. Mimi ni kiziwi. Nafika, mkalimani wa lugha ya alama hakuna, daktari anaongea na dada yangu. Sonona ni yangu, anayeisimulia ni mtu mwingine, tena mbele yangu.

Nyuki: Pole sana. Ila kubaya zaidi ni kufika ukaambiwa dawa ya kifafa imeisha, rudi wiki ijayo.

Kimya Kingi: Kwani tunashindana?

Nyuki: Njoo uone mwanangu akianguka njiani ndipo uniulize.

Gurudumu: Mimi natozwa nauli mbili, yangu na ya kiti mwendo. Dereva anasema kinakaa nafasi ya mtu.

Jicho Kali: Si ukikunje?

Gurudumu: Hakikunjiki! Nilipewa cha msaada, cha kusukumwa kwenye sakafu ya wodi, kwenye mchanga kinazama. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya 2008 inasema kiti kilingane na mwili wa mtu na mahali anapoishi. Mimi nilishushiwa tu nikaambiwa saini hapa.

Mleta mada: Wakuu, turudi kwa yule bwana. MNAKAA MBALI, jamani!

Nyuki: Gurudumu, tairi pana za mbele unapata wapi? Ya kiti cha mama imepasuka.

Gurudumu: Ya mpira mtupu au ya kujaza upepo? Weka picha.