MREJESHO: Usomaji wa 0.2 mR kwa saa kwenye chumba cha eksirei

Wakuu, nimerudi. Wiki iliyopita niliuliza kuhusu kile kipimo chetu cha mionzi cha zamani chenye mshale: nyuma ya kioo cha kuongozea mashine kilisoma 0.2 mR (miliroentgeni, kizio cha zamani cha mionzi) kwa saa, na fomu inataka mikrosieverti, kizio cha sasa cha dozi ya mionzi. Mimi nilipata 20. Nikazidisha kwa saa 2,000 za kazi kwa mwaka, ikaja milisieverti 40, mara mbili ya kikomo cha 20 kwa mfanyakazi. Usiku ule sikulala.

Kosa lilikuwa langu. Nilikariri kwamba sieverti 1 ni remu 100 (remu ni kizio cha zamani cha dozi), nikazidisha kwa 100 moja kwa moja, nikasahau kwamba nilikuwa natoka mili kwenda mikro: unagawa kwa 100, kisha unazidisha kwa 1,000. Miliremu 1 ni mikrosieverti 10, basi. (Kwa eksirei, mR 1 huchukuliwa kama miliremu 1 hivi.) Jibu ni mikrosieverti 2 kwa saa, sawa na milisieverti 4 kwa mwaka, tena kama mashine ingewaka mfululizo, wakati picha moja haimalizi hata sekunde.

Fomu nimeirekebisha. Juu ya kipimo nimebandika plasta, nimeandika kwa kalamu nzito: "×10". Aliyenionya niangalie mili na mikro, asante sana, soda yako ipo.