Bodi ya ESP32-S3 ya kujichorea: niongeze nini, nitoe nini?

saketi_tupu
Wakuu, nachora bodi ya tabaka mbili yenye moduli ya ESP32-S3-WROOM-1 (chipu ndogo ya kompyuta yenye Wi-Fi), ya kupimia joto na unyevu kwa betri ya LiPo (lithiamu-polima) ya seli moja. Kwa sasa ina USB-C, reguleta ya AMS1117-3.3 (ya kushusha umeme hadi 3.3 V), chipu ya kuchajia MCP73831, LED ya kuonyesha umeme, WS2812 moja (LED ya rangi), na safu mbili za pini zilizoachana 25.4 mm. Kabla sijaituma kiwandani, mngependa kuwe na nini, na kipi hakina maana?

mzee_wa_lehemu
AMS1117 itoe kwanza. Ikibeba mzigo mkubwa inataka volti 1.1 hivi zaidi ya inachotoa, na betri yako muda mwingi itakuwa kwenye 3.7 V. Wi-Fi ikianza kurusha, S3 huvuta zaidi ya 300 mA kwa mkupuo, laini ya 3.3 V inashuka chini ya 3.0 V, chipu inajiwasha upya. Watu hulaumu programu bure. Isitoshe, reguleta hiyo yenyewe hula karibu 5 mA, kwa hiyo hata chipu ikilala usingizi mzito betri inaisha tu. Weka AP2112K-3.3: inatoa hadi 600 mA na inakula takriban 55 µA. Kapasita ya 22 µF na ya 100 nF zikae jirani kabisa na pini ya 3V3 ya moduli, si upande wa pili wa bodi.

WS2812 nayo huvuta karibu 1 mA hata ikiwa giza. Iwekee padi ya kukata kwa kisu (njia nyembamba ya shaba unayoikata ukitaka kuizima), na LED ya umeme vilevile.

pini_na_waya
Kwenye USB-C, CC1 na CC2 (pini za kutambua kifaa kilichochomekwa) kila moja iwe na rezista yake ya 5.1 kΩ kwenda GND (upande hasi wa saketi). Ukizisahau, kebo ya A kwenda C itafanya kazi vizuri na hutagundua kitu. Ya C kwenda C haitatoa umeme kabisa.

Safu za pini zilete 22.86 mm. Kwa 25.4 mm, bredibodi (bodi ya majaribio yenye matundu) ya kawaida inabakiza tundu moja upande mmoja tu, na upande wa pili huna pa kuchomeka waya. Usiende chini ya hapo, moduli ina upana wa 18 mm.

Antena itokeze nje ya ukingo wa bodi, na chini yake pasiwe na shaba kwenye tabaka lolote. Na majina ya pini yaandikwe pande zote mbili, tafadhali!

saketi_tupu
Shukrani. Chaja nimeiwekea rezista ya 2 kΩ kwenye PROG (pini ya kupanga mkondo wa kuchaji), iko sawa? Na vitufe vya BOOT na RESET nilitaka kuviondoa, maana USB iko ndani ya chipu.

mzee_wa_lehemu
2 kΩ ni 500 mA, nyingi mno kwa betri ndogo. Weka 10 kΩ, utapata 100 mA, na uache padi ya kuongeza rezista sambamba kwa mwenye betri kubwa. Mzigo usiuchukue moja kwa moja kwenye betri inapochajiwa: chaja itaona mkondo haupungui na haitamaliza kuchaji. MOSFET (transista) moja ya aina ya P na diodi ya Schottky zinatosha kuhamishia mzigo kwenye USB.

Vitufe acha. Chipu ikilala USB inapotea, na bila BOOT (pini ya GPIO0 kwenda GND) huna njia ya kupakia programu mpya.

pini_na_waya
Pima betri kwa pini ya ADC1 (kipima volti cha ndani ya chipu), yaani GPIO1 hadi 10, kwa rezista mbili za 1 MΩ na kapasita ya 100 nF kwenda GND. Kama moduli yako ni ya R8 (yenye PSRAM, kumbukumbu ya ziada), GPIO35, 36 na 37 zinatumiwa na PSRAM, usizitoe kwenye safu. Soketi ya betri iandikwe + na −, kwa sababu wauzaji hawafuati mpangilio mmoja wa waya.