Picha ipi ya Maalim Seif niitundike barazani: ya 1984, ya 2009 au ya 2019?

mwanaWete: Assalaam alaykum wanabaraza. Fundi wa fremu anafunga oda Jumamosi na mie bado sijakata shauri. Tunataka picha moja kubwa ya marehemu Maalim Seif Sharif Hamad, mpinzani wetu mkubwa wa Zanzibar, na ninazo tatu. Ya kwanza bado kijana, enzi za Uwaziri Kiongozi. Ya pili ameshikana mkono na Rais Amani Karume wakati wa maridhiano ya CCM na CUF, chama chake cha upinzani, 2009. Ya tatu ni ya Machi 2019, siku za "shusha tanga, pandisha tanga", alipohama CUF kwenda ACT-Wazalendo. Nisaidieni.

Ngalawa: Wa alaykum salaam. Saizi gani? Inakaa wapi? Nani analipa? Unatuuliza nguo bila ya kutwambia kama ni harusi au matanga.

Bi Karafuu: Ya 1984, wala usihangaike. Vijana wa leo wanadhani Maalim kazaliwa na bendera ya CUF mkononi. Aliingia Februari 1984, Mzee Jumbe kishajiuzulu na Mzee Mwinyi ndiye Rais wa Zanzibar. Mie nilikuwa mtoto wa skuli, nakumbuka foleni, kisha nakumbuka maduka yalivyojaa walipowaachia watu waagize bidhaa wenyewe. Na Katiba yenye haki za binaadamu ndani yake ni ya mwaka huo huo. Januari 1988 akaondolewa, Mei chama kikamfukuza.

Shangani Mjini: Dada, hiyo ni picha ya waziri wa CCM. Mpinzani yuko wapi hapo? Mtafute wa 1991, anatoka jela. Mei 1989 mpaka Novemba 1991 yumo ndani, eti kakutwa na nyaraka za serikali. Mwaka uliofuata CUF ikasimama.

KondeNaMie: 2019. Mtu ana miaka 75, Profesa Lipumba kashinda mahakamani kesi ya uongozi wa CUF, chama alichokijenga kwa zaidi ya miaka 25 kimemtoka mkononi. Mwengine angekwenda zake Mtambwe akalima. Yeye akahamia ACT na watu wakamfuata, ofisi zikapakwa zambarau rangi haijakauka.

Mzee wa Kahawa: Picha yoyote, lakini nisikilizeni kwanza yaliyonikuta mie. Mwaka ule aliofariki tulichanga barazani kwetu, nikapewa mie kazi. Picha nikaipata WhatsApp, ishapita simu hamsini kabla ya yangu. Fundi, simtaji, akaivuta mpaka futi nne. Ilipokuja, uso vijumba vijumba kama sakafu ya vigae. Wenzangu wakasema haidhuru, ukikaa mbali anatambulikana. Tatizo likawa chini: "1934 – 2021". Maalim kazaliwa 22 Oktoba 1943, kafariki 17 Februari 2021, ana miaka 77. Tumemuongezea tisa! Nikarudi dukani nimekasirika, sauti juu, wateja wanasikia. Fundi akanambia, mzee, fungua simu yako. Nikafungua. Nimeandika mie mwenyewe, 1934, kwa kidole changu. Nikalipa mara ya pili mfukoni mwangu. Ya pili ilipotundikwa akaja mzee mmoja aliyesomeshwa na Maalim zamani, maana hilo jina la Maalim ni la ukweli, kasomesha skuli yule. Akaikazia macho kitambo, akasema "Kanzu hii si yake", akanywa kahawa yake akaondoka. Ile ya kwanza iko uvunguni mwangu mpaka leo. Kuitupa siwezi, kuitundika naona haya.

mwanaWete: Pole mzee wangu. Ngalawa, ni futi tatu kwa mbili, ndani ya baraza. Pesa tumechanga sote. Nilisahau kusema, wa CCM nao wamechanga, wako sita.

Ngalawa: Yakhe! Hilo ndilo la kuanza nalo! Basi ni ya 2009, kila mtu ataweza kukaa chini yake. Walionana Novemba, Julai 2010 tukapiga kura ya maoni, asilimia 66 wakakubali serikali ya pamoja. Uchaguzi wa mwaka ule CCM 50.1, Maalim 49.1, na watu wakalala majumbani mwao. Linganisha na 1995, CCM 50.2, Maalim 49.8, tukakaa miaka hatuzikani.

Shangani Mjini: Na waandamanaji waliouawa Pemba Januari 2001 utawaweka picha gani? Na Oktoba 2015 Jecha, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, alipofuta uchaguzi, mkono huo ulikuwa wapi?

Bi Karafuu: Aliutoa tena Desemba 2020, na uchaguzi wenyewe walimpa asilimia 19. Mzee Mwinyi alimfanya Waziri Kiongozi 1984, mtoto wake, Rais Hussein Mwinyi, akamuapisha Makamu wa Kwanza. Mie nilimlaumu sana, nilisema hadharani. Haikutimia hata miezi mitatu akafa, nikabaki na lawama zangu sina pa kuzipeleka.

KondeNaMie: Yaani mpinzani wetu mkubwa kaanza serikalini na kafia serikalini.

Shangani Mjini: Na katikati mara sita anagombea urais, tangu 1995. Usiikate hadithi kwa kisu chako.

Ustadh Chake: Samahanini. Hapo barazani Magharibi ikiwakuta hamsali? Picha iko ukuta gani?

mwanaWete: Ukuta ulio wazi ni wa kibla. Wa pili una televisheni.

Ustadh Chake: Hapo pana maneno.

KondeNaMie: Mbona televisheni hujaisemea, shekhe? Ina picha usiku kucha, na za wachezaji wenye kaptula.

Ustadh Chake: Televisheni huzimwa.

Mzee wa Kahawa: Kwetu haizimwi, mpira wa Uingereza unaanza na adhana. Sikilizeni, pesa hizo si bora mkakodi gari mwende Mtambwe Nyali mkamsomee dua kaburini? Mkirudi mnywe kahawa iliyobaki.

Ngalawa: Na wale sita wa CCM nao watapanda gari?

mwanaWete: Wawili ndio wa kwanza kutoa mchango. Fundi kapiga simu sasa hivi, anataka advansi. Nimemwambia niko msikitini.

Bi Karafuu: Mwanangu, hiyo ya 1984 hata usipoitundika nataka nakala. Lakini usinitumie kwa WhatsApp.