Kuingia jamhuri: Tanganyika 1962 au Kenya 1964, nani alianza vizuri?

Mchakamchaka: Wakuu, jana kijiweni tumebishana mpaka kahawa ikapoa. Tanganyika ilikuwa jamhuri Desemba 9, 1962, Kenya Desemba 12, 1964. Wote walikaa mwaka mmoja kamili baada ya uhuru na gavana mkuu wa Malkia, kisha akafunga virago. Mimi nasema Tanganyika walianza vizuri. Novemba 1962 watu walipiga kura, Nyerere dhidi ya Zuberi Mtemvu wa chama cha upinzani cha ANC cha Tanganyika. Kenyatta aliupata urais kwa kubadilishwa katiba tu.

Kahawa Tungu: Kura ipi hiyo, mkuu? Mtemvu hakufikisha hata asilimia mbili! Tazama madaraka. Kenya rais alilazimika awe mbunge, na Kenyatta alikuwa wa Gatundu. Tanganyika rais alikaa nje ya Bunge, na mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kesi. Hapo mwanzo mzuri uko wapi?

Mama Ubuyu: Mnamruka Kawawa. Nyerere aliachia uwaziri mkuu Januari 1962, uhuru haujatimiza hata miezi miwili, akaenda kujenga chama chake cha TANU vijijini. Aliyeendesha serikali mwaka ule wote ni huyo Kawawa, Simba wa Vita. Jamhuri ilipoingia akawa Makamu wa Rais.

Mkaazi wa Nakuru: Nami nitie neno la huku kwetu. Mnabishania kiti cha rais, sisi kilichotuuma ni majimbo. Katiba ya uhuru ya Kenya ilikuwa na mabunge ya majimbo na Seneti. KADU, chama cha upinzani cha Ngala na Moi, ikajivunja Novemba 1964, wote wakahamia KANU ya Kenyatta, na mwezi uliofuata jamhuri ikaja, majimbo yamenyang'anywa meno. Seneti nayo ikafutwa 1966. Ugatuzi tumeurudia na katiba ya 2010, yaani tulizunguka miaka arobaini na ushee kurudi tulipokuwa.

Kahawa Tungu: Ila KADU walihama wenyewe, hakuna aliyewaburuta.

Mkaazi wa Nakuru: Wenyewe, ndiyo. Ukiwa upinzani na wabunge wako wanavuka mmoja mmoja, utabaki kulinda nini?

Mchakamchaka: Nakuru umenibana. Kura ya Novemba bado naitetea, lakini hilo la kizuizini sina jibu. Kahawa ya leo nalipa mimi.