Naomba ushauri: singlendi gani nivae ndani ya shati jeupe la ofisini?

Wakuu habari za majukumu, nipo Dodoma, ofisi iko kule Mtumba na kila siku lazima shati na tai. Shida ni joto la Oktoba na Novemba, yani nikishuka tu kwenye daladala mgongo ushalowa na shati limegandia mwilini. Nikaanza kuvaa singlendi nyeupe ya kawaida, jasho la mgongoni kweli inanyonya ila nikisimama mwangani mikanda ya mabegani inaonekana yote, halafu kwapani haisaidii kitu maana haina mikono, shati mbili tayari zina madoa ya njano hapo na nimesugua na limao mpaka nimechoka.

Jamaa yangu akaniambia niachane na nyeupe, nitafute fulana ya kijivu au inayokaribiana na rangi ya ngozi, yenye mikono mifupi. Nilibisha sana, ila nilipojaribu ya kijivu ya mtumba niliyookota Sabasaba kweli haikuonekana kabisa. Tatizo ni nzito, na shingo yake ya duara, jioni nikitoa tai na kufungua kifungo cha juu inachungulia, kwahiyo naona bora shingo ya V.

Sasa wazoefu nisaidieni, nichukue pamba tupu au zile za mchanganyiko zinazovutika? Pamba naipenda ila ikishalowa inakawia kukauka. Na hapa mjini nyepesi nzuri napata wapi? Nataka kama tatu hivi.