Deni limeisha ila mume wangu bado hayuko sawa, hii ni stress au sonona?

MamaKelvin:
Habari za humu wapendwa. Mume wangu ni fundi seremala, mwaka jana alichukua mkopo wa kausha damu anunue mbao, tenda ikakwama, wale jamaa wakawa wanakuja kudai mpaka nyumbani asubuhi na jioni, yaani stress aliyokuwa nayo ni Mungu tu anajua. Tukauza kiwanja tukalipa yote, huu mwezi wa tatu hatudaiwi na mtu. Mi nikajua sasa atarudi kuwa yule yule, wapi! Anaamka saa tisa usiku anakaa sebuleni mpaka kunakucha, randa inashika kutu tu, Simba wakicheza hata matokeo haulizi na ni mtu alikuwa haambiwi kitu. Ndugu zake wanasema anadeka, mbona deni limeisha. Hivi stress inaweza kuisha mtu akabaki na ugonjwa?

nesi_wa_zamu:
Pole sana dada. Inaweza, na kwa ulivyoeleza naona ndiko mlikofika. Stress ya kawaida ukiiondoa sababu mwili unatulia. Ikikaa miezi na miezi, tezi zilizo juu ya figo zinamwaga kortisoli, ile homoni ya stress, muda wote, usingizi unavurugika, ubongo nao unaathirika, hapo sonona ikishaingia haijali deni limelipwa au la. Hospitali hatupimi kwa kuangalia kama mtu ana sababu ya kuhuzunika, tunaangalia kama wiki 2 au zaidi, karibu kila siku, ana huzuni au amekosa hamu na vitu alivyovipenda, tena na usingizi, kula, kuchoka, kujiona hafai. Huko kuamka saa tisa na usingizi usirudi tunakusikia sana. Sio kila mwenye stress anafika huko, na wapo wanaougua bila msala wowote. Wampime na damu pia, tezi ya shingo (thyroid) ikifanya kazi kidogo kuliko kawaida dalili zinafanana mno.

Kijana wa Tanga:
Mi nimeugua hiyo kitu. Kuambiwa jikaze mwanaume kuliniumiza kuliko ugonjwa wenyewe, waambie hao mashemeji wanyamaze kwanza. Akipewa dawa msitegemee kesho yake, zinachukua wiki kadhaa ndo uone tofauti na asiache ghafla eti kwa sababu amepata nafuu.

Mdau:
Na maongezi ni tiba, tusiyadharau. Kule Zimbabwe Dr Dixon Chibanda alianza 2006 kufundisha akina bibi wa mtaani, wanakaa na mgonjwa kwenye benchi la kliniki wanamsikiliza na kumsaidia kutatua tatizo moja moja, utafiti wa 2016 ukaonyesha waliokaa na hao bibi dalili zilipungua kuliko waliopata huduma ya kawaida.

nesi_wa_zamu:
Dada samahani nakuuliza wazi, amewahi kusema amechoka kuishi? Kama hujui muulize hivyo hivyo bila kuzunguka, kumuuliza hakumpandikizii wazo.

MamaKelvin:
Nimemuuliza usiku huu, amelia sana, kasema mawazo hayo yapo.

nesi_wa_zamu:
Basi msilale hapo, asibaki peke yake hata dakika. Sumu ya panya, dawa za shamba, vidonge vyote, toa ndani. Nendeni sasa hivi hospitali ya wilaya au ya mkoa, dharura wako wazi usiku kucha, mwambie daktari neno kwa neno alivyokwambia.